Pikniki bwawa la Igombe: twende msimu gani na ruhusa anatoa nani?

Kijana_wa_Cheyo
Mwangaluka wakuu. Tuna kikoba chetu hapa Tabora mjini, kila mwaka tukigawana hela tunakula kuku nyumbani kwa mtu mmoja basi imeisha, mwaka huu tumesema hapana, tutoke, twende Igombe bwawani tuchome nyama, anayeweza kulala kwenye hema alale, asubuhi tuvue kidogo kwa ndoano. Watu kama 30 na watoto wao. Sasa ubishi: wengine wanataka Pasaka maana bwawa linakuwa limejaa na kila mahali kijani, wengine wanasema Oktoba maji yakishuka pale pembeni panabaki uwanja mpana hata mpira unachezeka na magari yanafika mpaka kwenye maji. Halafu kuna jamaa kaja na habari ya mita 60 kutoka kwenye maji, anasema kukanyaga tu pale ni kosa. Kweli? Na ruhusa unaombea wapi, watu wa maji, kijiji au maliasili?

Fundi_Koki
Pasaka msiende, mvua inakuwa bado inanyesha, nyasi zimekufika kifuani na watoto mnao, nyoka hamtamuona mpaka mmkanyage. Oktoba nayo joto la Tabora mnalijua wenyewe halafu ndo wakati wa moto kichaa, kila kitu kimekauka, cheche moja ya jiko la mkaa inatosha. Juni mpaka Julai ndo penyewe, ardhi imekauka, maji bado yako juu, ila usiku bebeni mablanketi ya ukweli sio shuka.

Huo uwanja mpana sasa. Sio uwanja, ndo bwawa lenyewe likiwa halina maji. Juu unaona udongo umepasukapasuka, ukitembea na ndala unahisi pagumu kabisa, gari ikiingia inakata ile ganda ya juu na chini ni tope jeusi laini kama uji. Nimeshuhudia Noah imekaa pale mpaka milango ya pembeni haifunguki, abiria wanatokea dirishani. Wakaanza kukata miti midogo ya kando waweke chini ya matairi, wakamaliza kichaka kizima na gari halijasogea hata shibiri, mwisho ikaja trekta. Gari likatoka, ule mtaro uliobaki mvua za Novemba zikaufanya mfereji wa kushusha udongo bwawani. Gari liacheni juu kwenye njia, tembeeni.

Mpenda_hoja
Kwani bado tunakunywa maji ya Igombe? Si siku hizi maji ya Ziwa Victoria yamefika? Waacheni watu wale raha.

Fundi_Koki
Mpenda_hoja hilo bomba unajua linatokea wapi? Likipasuka huko njiani utakumbuka Igombe iko wapi. Na bwawa likishajaa tope hulirudishi kwa koleo. Maji yakiwa na matope mengi shabu inayotumika kuyasafisha inaongezeka, na shabu haitolewi bure.

Wakili_wa_kijiweni
Kuhusu mita 60, jamaa yenu kasikia nusu. Ipo kwenye Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, na inataja mabwawa pia sio mito na maziwa tu. Ila inachokataza ndani ya hizo mita 60 ni shughuli za kibinadamu za kudumu au zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuharibu hifadhi ya hayo maji. Mtu kusimama na ndoano yake sio shughuli ya kudumu. Kujenga kibanda cha chipsi ni ya kudumu. Kuosha gari, kuchimba choo, kumwaga mafuta, hizo zinaharibu hata ukikaa nusu saa. Kwahiyo mahema, moto na choo vikae mbali, nje ya hizo mita, kwenye maji mshuke kwa miguu.

Ruhusa anzeni TUWASA, mamlaka ya maji ya Tabora, maana bwawa liko mikononi mwao, andikeni barua mtaje tarehe na idadi ya watu. Nakala mpelekee mtendaji wa kijiji mtakakokuwa, asishtuke kuona watu usiku. Mkitaka kulala porini ndani ya msitu wa hifadhi basi na TFS, wakala wa misitu, waulizwe, hao wana utaratibu wao.

Binti_wa_Ipuli
Mimi kinachonikera ni hiki, yule mama anayelima matango na nyanya kiangazi maji yakishuka anang'olewa mazao yake kila mwaka, anaambiwa mita 60, halafu Jumamosi inakuja gari na spika, wanaegesha palepale kwenye tuta lake la nyanya, wanavunja chupa, jioni wanaondoka hakuna aliyewauliza. Sheria inajua sura za watu?

Wakili_wa_kijiweni
Dada hapo sikubishii. Ila kilimo cha pale nacho kina shida yake, mbolea na dawa ya wadudu anayopiga Septemba inabaki kwenye udongo, bwawa likijaa udongo ule unakuwa chini ya maji tunayokunywa. Mfugaji naye vilevile, ng'ombe wakishuka mpaka majini wanakoroga na kunya humohumo, ndo maana dawa yake ni mbauti, birika la kunyweshea, huku juu, wanywe wakiwa mbali. Wangemtafutia yule mama eneo nje ya mita 60 na pampu ndogo ningekuwa wa kwanza kupiga makofi. Na hao wa spika watozwe faini kama wengine.

Mha_wa_Mwanga
Mwakeye watani zangu Wanyamwezi, naona leo mmeacha tumbaku mnataka kuvua 😂. Huku Kigoma 2024 tulifunga ziwa miezi mitatu, Mei 15 mpaka Agosti 15, sisi na Kongo na Burundi na Zambia, watu walilia njaa, dagaa ikapanda bei, mimi mwenyewe nililalamika sana. Lakini samaki lazima apate muda wa kuzaa. Hapo bwawani kwenu perege dume anachimba kiota kwenye maji mafupi, ukitembea ukingoni unaviona kama visahani vimepangwa kwenye mchanga. Msivikanyage, na aliyekuja na kokoro, ule wavu wa kukokota, mrudisheni nalo mjini, limekatazwa. Leseni mwulizeni afisa uvuvi wa halmashauri, hata kama ni ndoano tu ulizeni. Na mkumbuke maji ya Igombe yanakwenda Malagarasi, Malagarasi inaingia Tanganyika, kwahiyo pampas zenu sitaki kukutana nazo huku.

Nesi_mstaafu
Wanangu, mmeongea yote mmesahau kichocho. Konokono wake wanakaa palepale kwenye maji yaliyotulia yenye majani, ndipo watoto wanapopenda kuchezea, na jua likiwa kali kuanzia saa nne mpaka alasiri ndo vijidudu vinatoka kwa wingi kwenye konokono. Vinapita kwenye ngozi nzima, hata kidonda huna. Watoto wasiingie kuogelea, bebeni maji ya kunawa kwenye madumu kutoka nyumbani. Ukiona mtoto anakojoa damu wiki kadhaa baadaye usimpeleke kwa mganga, mpeleke kituo cha afya apimwe, dawa ipo. Na asiende mtu kujisaidia kando ya maji, ndo tunavyowaambukiza hao konokono.

Kijana_wa_Cheyo
Asanteni sana aisee, shikamoo mama Nesi. Nimewasomea wenzangu, Pasaka imekufa, Oktoba imekufa, tunakwenda Jumamosi ya kwanza ya Julai. Barua naandika kesho. Spika waliokuwa wanaitaka wamenuna ila watazoea. Sasa kilichobaki ni choo cha kubeba cha watu 30, na mahema, mwenye kujua wanaokodisha hapa mjini kwa bei ya kibinadamu?

Fundi_Koki
Mahema ulizeni skauti. Choo mtachimba huko juu mbali na maji, mkiondoka mnafukia, koleo ninalo, nicheki inbox. Ila lirudi.