Naomba ushauri: Trevor Noah ana Emmy ngapi hasa? Naandaa kisanduku cha tuzo, namba hazilingani

Kalamu_Fupi
Wakuu, habari za jioni. Naandaa wasifu wa maneno 600 wa Trevor Noah, mchekeshaji wa Afrika Kusini, kwa jarida la wanafunzi. Wasifu wenyewe umeshakaa sawa: kazaliwa Johannesburg tarehe 20 Februari 1984, kakalia kiti cha The Daily Show, kipindi cha Marekani cha vichekesho vya habari, kuanzia 28 Septemba 2015 hadi 8 Desemba 2022. Kinachonitoa jasho ni kisanduku cha pembeni chenye tuzo zake. Kuna palipoandikwa Emmy (tuzo za televisheni za Marekani) 1, pengine 2, pengine zaidi ya 20. Wengine wanampa na Grammy, ile tuzo ya muziki na kazi nyingine za sauti, wengine wanasema hana hata moja. Halafu Emmy ya kipindi, huyu anaandika 2023, yule 2024.

Nafasi niliyonayo ni mistari 8 tu. Niweke nini, niache nini, na nihakiki vipi? Nawasilisha.

Mzee_wa_Vipengele
Mkuu, Emmy za Noah ni 2. Ya kwanza ni ya 2017, kipengele cha kipindi kifupi cha burudani, kwa Between the Scenes. Vile ni vipande alivyokuwa akipiga soga na watu waliokaa studioni wakati matangazo ya biashara yanapita hewani, kisha vinawekwa mtandaoni. Ya pili ni ya kipindi bora cha mazungumzo, kwa The Daily Show yenyewe, katika Emmy za 75.

Hizo 20 na ushee zinatoka wapi? Zinatoka kwa watu wanaohesabu tuzo za kipindi, au za Jon Stewart aliyemtangulia kitini, halafu wanamvisha Noah. The Daily Show ya Stewart ilichukua kipengele kikuu cha burudani mchanganyiko mara 10 mfululizo, kuanzia 2003 hadi 2012. Mwaka 2013 The Colbert Report ikaukata mnyororo, ikarudia 2014. Mwaka 2015 The Daily Show ikarudi kileleni, safari hii kwenye kipengele cha mazungumzo, kwa sababu mwaka huo kile kipengele kikuu kilipasuliwa viwili: mazungumzo huku, michezo mifupi ya vichekesho kule.

Hapo kwenye 2015 ndipo wengi wanapojikwaa. Sherehe ilifanyika 20 Septemba 2015. Noah alikaa kitini 28 Septemba. Siku 8! Anayetazama mwaka pekee anaona "The Daily Show, 2015" na "Trevor Noah, 2015", anaunganisha. Hiyo ni ya Stewart, wala Noah hana hisa ndani yake.

Binti_Ukerewe
Naongezea kwa Mzee, maana kuna jambo la msingi linarukwa. Emmy ya kipindi haipewi "mtangazaji". Inapewa watu walioorodheshwa kama wazalishaji kwenye fomu ya kuwania, na kila mmoja wao anaondoka na sanamu yake. Anayeendesha kipindi akiwa pia mzalishaji mkuu, anahesabiwa. Asipokuwemo kwenye orodha hiyo, hata kama sura yake ndiyo kipindi chenyewe, hana sanamu. Tuzo ya uandishi nayo ina orodha yake ya waandishi. Ndiyo maana Stewart, aliyekuwa mzalishaji mkuu na mwandishi kwa wakati mmoja, aliweza kuondoka na mbili usiku mmoja. Utaratibu huo ndio uliozifanya namba zake ziwe kubwa vile, pamoja na ubora wa kazi bila shaka.

Kwa hiyo ukiona namba ya Emmy mahali popote, uliza kwanza: hii ni hesabu ya mtu au ya kipindi? Asiyeweza kukujibu, usimnukuu.

Na uwe makini na neno "Emmy" lenyewe. Za vipindi vya usiku wa Marekani zinatolewa na akademia ya Los Angeles. Emmy za kimataifa, zinazowaniwa na kazi za nje ya Marekani, zinatolewa na akademia nyingine yenye makao New York. Kwa kuwa Noah ni wa Afrika Kusini kuna wanaodhani zake ni zile za kimataifa. Sivyo. Kipindi kilikuwa cha kituo cha Comedy Central, cha Marekani.

Kalamu_Fupi
Asanteni sana, mmenifungua macho. Sasa swali: kama kipindi kilikuwa kinabeba miaka yote ile, mbona chini ya Noah kilikaa hadi mwisho kabisa ndipo kikashinda kipengele kikuu? Kilishuka?

Mzee_wa_Vipengele
Jibu ni John Oliver. Kipindi chake, Last Week Tonight, kilibeba kipengele cha mazungumzo kila mwaka kuanzia 2016 hadi 2022, mara 7. Jimmy Kimmel, Colbert, Noah, wote walikuwa wanavaa suti kwenda kumpigia makofi. Halafu kwa Emmy za 75 akademia ikapanga upya mipaka ya vipengele. Kipindi cha Oliver kikahamishiwa kwenye burudani inayoandikwa, pamoja na Saturday Night Live, na huko nako kikashinda. Huku kwenye mazungumzo nafasi ikawa wazi, The Daily Show ikapita.

Simaanishi Noah alibahatisha. Ila ukiandika "baada ya miaka 7 ya kushindwa hatimaye alimshinda Oliver" utakuwa umekosea, kwa sababu mwaka huo hawakuwa hata kwenye kipengele kimoja.

KonaYaTuzo
Kuhusu 2023 au 2024, wote wako sahihi, na hapo ndipo tatizo lilipo.

Emmy za 75 zinahesabu kazi zilizorushwa kati ya 1 Juni 2022 na 31 Mei 2023. Noah aliaga 8 Desemba 2022, kwa hiyo miezi yake ya mwisho imo ndani. Sherehe ilipangwa Septemba 2023. Ikaja migomo, wa waandishi na wa waigizaji, ikasogezwa hadi 15 Januari 2024. Noah akapanda jukwaani kupokea tuzo ya kipindi alichokuwa ameondoka zaidi ya mwaka mzima. Akademia yenyewe inaiweka chini ya 2023.

Sasa tega sikio. Emmy za 76 zikafanyika 15 Septemba 2024, mwaka uleule wa kalenda, na The Daily Show ikashinda tena kipengele kilekile! Hii ya pili haimhusu Noah. Kipindi cha kuhesabiwa kilikuwa 1 Juni 2023 hadi 31 Mei 2024, wakati kiti kinashikwa kwa zamu na Stewart amerejea kuendesha siku za Jumatatu tangu 12 Februari 2024. Ukiandika "Emmy 2024, The Daily Show" bila neno lingine, msomaji hawezi kujua unasema ipi. Andika namba ya sherehe: "Emmy za 75". Namba haina utata.

Binti_Ukerewe
Naunga mkono namba ya sherehe. Ila kwenye mabano aweke na mwezi, msomaji wa kawaida hajui za 75 ni lini.

Pwani_Tulivu
Grammy hana. Aliziendesha sherehe zake mfululizo kuanzia 2021 hadi 2026, na watu wanaona picha yake jukwaani na kipaza sauti wanaandika "Grammy". Kusherehesha ni kazi ya mkataba, si tuzo.

Amewania albamu bora ya vichekesho mara 3: Son of Patricia (sherehe ya 2020), I Wish You Would (2024) na Where Was I (2025). Mara zote 3 aliyeibeba ni Dave Chappelle. Ukiwa na mstari wa ziada hilo ni jambo tamu la kuweka, kwa sababu mwaka 2024 na 2025 Noah mwenyewe ndiye aliyekuwa mshereheshaji wa usiku huo.

Stewart ndiye mwenye Grammy, 2, na zote zimetokana na vitabu vilivyosomwa kwa sauti. Hapo napo watu huchanganya, kwa kuwa vyote viwili vina jina la The Daily Show kwenye jalada.

Kalamu_Fupi
Basi Grammy natoa. Na hii Erasmus mnaionaje? Nimeiona mara moja tu, sijui kama ina uzito wa kukaa kwenye kisanduku.

KonaYaTuzo
Mkuu! Hiyo iweke mstari wa kwanza.

Tuzo ya Erasmus inatolewa na taasisi ya Uholanzi, kwa mchango katika utamaduni, jamii au sayansi, na inaambatana na yuro 150,000. Noah alipewa ya 2023, akakabidhiwa na Mfalme Willem-Alexander kwenye kasri la Amsterdam mwezi Novemba. Mada ya mwaka ilichukuliwa kutoka kitabu cha Erasmus mwenyewe, kile cha kuusifu upumbavu, yaani ile kazi ya kale ya mchekeshaji: kumwambia mkubwa ukweli huku watu wanacheka. Televisheni haikutajwa kama kipengele, na hakuna fomu ya kuwania. Hapo ndipo inapotofautiana na Emmy, ambayo lazima kazi iwasilishwe, ilipiwe, ndipo wenzako wa fani wapige kura.

Emmy inasema kipindi kilikuwa bora msimu fulani. Erasmus inamtaja mtu na kazi yake yote. Kwa wasifu, ya pili ndiyo nzito.

Mzee_wa_Vipengele
Sikubaliani na kuiweka juu. Msomaji wa jarida la wanafunzi anamjua Noah wa kwenye runinga. Emmy kwanza, kisha Erasmus.

KonaYaTuzo
Mpangilio ni wake mwandishi. Mradi isiachwe.

Binti_Ukerewe
Na vitabu jamani, msivisahau. Born a Crime kilitoka Novemba 2016, na mwaka 2017 kikamletea NAACP Image (tuzo za chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi) kwenye vipengele 2, mwandishi anayeanza na wasifu, pamoja na Tuzo ya Thurber ya uandishi wa vichekesho Marekani. Hizi ni zake binafsi, haziulizi nani alikuwa mzalishaji. Thurber hiyohiyo Stewart na wenzake waliipata 2005, kwa hiyo ukitaka sentensi moja ya kuwaunganisha wawili hawa ndani ya wasifu, hiyo hapo.

Tuzo ya Peabody, ile ya utangazaji ya Marekani, usiiguse kwenye kisanduku hiki. The Daily Show ilizipata kwa matangazo yake ya uchaguzi wa 2000 na wa 2004, enzi za Stewart. Peabody haina vipengele vya kushindania. Jopo linakubaliana kwa kauli moja, kazi hii inastahili au haistahili. Kwa hiyo hata maneno "aliwania, akamshinda fulani" hayaingii huko.

Pwani_Tulivu
Kuna na MTV. Mwaka 2017 alichukua mwendesha kipindi bora kwenye tuzo za filamu na televisheni, mwaka wa kwanza ambao MTV iliiingiza televisheni. Na kabla hata hajakalia kiti, Julai 2015 kule Durban, tuzo za MTV za Afrika zilimpa mtu mashuhuri wa mwaka. Ni usiku uleule Diamond Platnumz alipochukua mtumbuizaji bora wa jukwaani, kwa hiyo wasomaji wako wa Bongo wana pa kushikia.

Orodha ya jarida la Time ya watu 100 (2018) na kuendesha dhifa ya waandishi wa habari wa Ikulu ya Marekani (2022) ni heshima, si tuzo. Ziingize kwenye wasifu, kisandukuni hapana.

Kalamu_Fupi
Nimepanga hivi. Semeni palipopinda:

1. Emmy 2017: kipindi kifupi bora cha burudani (Between the Scenes)
2. Emmy za 75, Januari 2024: kipindi bora cha mazungumzo (The Daily Show)
3. Erasmus 2023, Uholanzi: mchekeshaji wa kwanza katika historia ya tuzo
4. Thurber 2017 (Born a Crime)
5. NAACP Image 2017, vipengele 2 (Born a Crime)
6. MTV Filamu na Televisheni 2017: mwendesha kipindi bora
7. MTV Afrika 2015: mtu mashuhuri wa mwaka
8. Aliteuliwa Grammy mara 3, albamu ya vichekesho

KonaYaTuzo
Namba 3 ifute ilivyo. Charlie Chaplin aliipata 1965, pamoja na Ingmar Bergman. Noah ni mchekeshaji wa kwanza *tangu* Chaplin. Neno moja tu, lakini likiachwa lilivyo umemfuta Chaplin.

Mzee_wa_Vipengele
Namba 1, ongeza namna ile ya KonaYaTuzo: Emmy za 2017 ni za 69. Ukiandika namba ya sherehe kwenye mstari mmoja na mwaka kwenye mwingine, msomaji atadhani ni tuzo za aina mbili.

Namba 8, kichwa cha kisanduku chako kinasema "Tuzo". Kuteuliwa si tuzo. Ama ubadilishe kichwa kiwe "Tuzo na uteuzi", ama huo mstari uushushe chini ya kisanduku kwa herufi ndogo.

Binti_Ukerewe
Na kabla ya kupeleka kwa mchapishaji, fungua kumbukumbu za akademia yenyewe kwenye tovuti yao, tafuta kwa jina la mtu, usitafute kwa jina la kipindi. Ukitafuta kipindi utaletewa za Stewart, za Noah na za baadaye kwa pamoja, utarudi palepale kwenye 20 na ushee.

Kalamu_Fupi
Nimebadilisha kichwa, nimeweka za 69 na za 75, Chaplin amerudi mahali pake. Kisanduku kimebaki mistari 8. Shukrani wakuu.