Nchi iliyofilisika huanza kujinasua wapi: kwenye siasa au kwenye hazina?

Mchuuzi wa Kiborloni (Moshi):
Ndugu wanajamvi, Aprili 2022 Sri Lanka ilisitisha kulipa madeni yake ya nje, na Julai mwaka huo Rais Gotabaya Rajapaksa akaikimbia nchi baada ya waandamanaji kuivamia ikulu. Baadaye foleni za mafuta za wakati ule zilitoweka. Je, kilichoiokoa ni mkopo wa IMF (Shirika la Fedha la Kimataifa), au ni kuondoka kwa watawala waliokuwapo?

Dereva wa Watalii (Arusha):
Mkopo huo, wa takriban dola bilioni 3, uliidhinishwa Machi 2023, wakati mfumuko wa bei, uliokaribia asilimia 70 Septemba 2022, ulikwisha kuanza kushuka. Kabla ya hapo benki kuu ilikuwa imepandisha riba kwa kishindo, na mafuta yakagawiwa kwa mgawo wa wiki. Watalii nao walirejea, na sisi wa Arusha hatuhitaji kufafanuliwa maana ya hilo. Hata hivyo, VAT ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 18, mzigo ambao sidhani kama wananchi wangeukubali kutoka kwa Rajapaksa.

Mzee wa Kibosho:
Wa rika langu hatuna haja ya kwenda Colombo. Baada ya vita vya Kagera, hapa Moshi tulipanga foleni kununua sukari na sabuni, huku kahawa ikivushwa kwa magendo kwenda Kenya, kwa kuwa huko mkulima alilipwa fedha yenye thamani. Mwaka 1984 serikali ilimruhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa, bila kumhoji sana alikozipata (wajanja walifurahi mno), lakini mapatano na IMF yalingoja hadi 1986, Mwalimu akiwa ameshamwachia Mzee Mwinyi urais. Shilingi ikashushwa thamani, maduka yakajaa, ila mshahara wa mwalimu wa shule haukumfikisha mwisho wa mwezi, ndipo akaanza kufuga kuku.

Mchuuzi wa Kiborloni:
Shikamoo, Mzee. Nakubali kwamba sura mpya hurahisisha maamuzi machungu, lakini Ranil Wickremesinghe, aliyemrithi Rajapaksa na kuyasimamia huko Sri Lanka, aliambulia nafasi ya tatu katika uchaguzi wa Septemba 2024. Aliyeshinda, Anura Kumara Dissanayake, aliahidi kuwapunguzia wananchi makali, na bado ameendelea na mpango uleule wa IMF.