Kaka karudi kutoka vitani, hapati usingizi

Naombeni ushauri. Kaka yangu karudi salama, ila usiku halali. Mlango ukibamizwa anashtuka hadi jasho linamtoka. Wifi humwambia, "Sahau yaliyopita." Naona tunamwumiza tu. Nianzie wapi?

Jibu: Pole sana dada. Hiyo "sahau" iacheni kabisa! Madaktari wa akili wa Marekani waliuorodhesha ugonjwa huu wa mfadhaiko baada ya kiwewe (PTSD) rasmi mwaka 1980, na una tiba. Mtafutieni mtaalamu aliyezoea majeraha ya vita. Nyumbani msimlazimishe kusimulia.

Jibu: Na kazi je? Serikali inaweza kusaidia: Marekani, kwa mfano, ilipitisha sheria mwaka 1944 ya kuwalipia wanajeshi waliorudi karo na kuwadhamini mikopo ya nyumba. Mamilioni walisoma.

Jibu: Mimi sikushika bunduki, nilikimbia makombora. Kilichonitesa zaidi ni hati: huna kitambulisho, huna kazi, mtoto haandikishwi shule. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unamlinda mkimbizi aliyevuka mpaka. Sisi tuliobaki nchini tuna Kanuni za Umoja wa Mataifa za 1998 kuhusu wakimbizi wa ndani, zinazotaka serikali itupe hati mpya bila masharti yasiyo na msingi. Dada, hati za kaka za kutoka jeshini zipo? Mafao huanzia hapo.

Asanteni. Anazo wifi, nitazungumza naye leo.