Kiingereza cha udhuru kinachoandikwa na Waromania: tukielewe vipi?

Dada wa Soweto, Moshi

Habari zenu wanajukwaa. Ninashughulikia mawasiliano katika kampuni ndogo ya kupandisha wageni Mlima Kilimanjaro. Msimu huu tumepata kundi kutoka Romania ambalo kiongozi wake hutuandikia Kiingereza kizuri kabisa, isipokuwa pale anapoeleza kwa nini jambo fulani halikufanyika. Hapo ofisi nzima hugawanyika. Arbuni ilipochelewa aliandika: “We make our excuses for the delay. We will eventually pay on Friday.” Mwenzangu alisoma akaona kwamba wanajitoa kwa adabu katika safari, ilhali mimi nilielewa kwamba fedha zinakuja Ijumaa. Baadaye akaandika kuhusu mwanakundi aliyekosa kikao chetu cha maandalizi cha mtandaoni: “He pretends that he was ill and he will send a paper to motivate his absence.” Tulishangaa kuona kiongozi akimwita mwenzake mwongo mbele ya watu ambao hata hawajaonana naye.

Naomba nielezwe jinsi maneno ya Kiingereza ya udhuru na visingizio yanavyotofautiana, na kwa nini Mromania ayatumie namna hii. Ningependa pia kumwandikia maelezo mafupi yatakayomsaidia bila kumvunjia heshima.

Mwalimu wa Sakina, Arusha

Dada, mwenzako hakukosea, kwa sababu alisoma kile ambacho Mwingereza angekisoma. “To make excuses” ni kutoa visingizio, na msemo huo una lawama ndani yake. Ukiongeza kimilikishi, yaani “to make one’s excuses”, maana inageuka na kuwa kueleza kwa adabu kwamba hutaweza kuhudhuria au kwamba unaondoka mapema. Mgeni wako alikusudia “We apologise for the delay”, basi.

Neno lenyewe “excuse” linahitaji uangalifu zaidi. Ni sababu anayoitoa mtu ili aondolewe lawama, lakini katika mazungumzo ya kila siku anayeliita jambo “excuse” mara nyingi ameshalitilia shaka, na ndiyo maana Kiingereza kimejaa misemo kama “a lame excuse”, “a poor excuse” na “a flimsy excuse”, yote ikisema kwamba udhuru huo hauna miguu ya kusimamia. Kwa hiyo anayejieleza mwenyewe hukwepa neno hilo na kusema “the reason was”, kwa kuwa “reason” ni sababu tupu isiyokiri wala kukana kosa. “Pretext” ni kali kuliko yote, kwa maana ni sababu ya uongo inayotangulizwa ili nia halisi isionekane. Yule anayekupigia simu akisema amefika Kijenge, nawe unasikia maji ya bafuni kwake yakitiririka, huyo bado yumo katika “excuse”; akijifanya mgonjwa ili aende kufanya usaili wa kazi kwingine, ameingia katika “pretext”.

Wanafunzi wangu hupenda pia kutumia “alibi”. Kwa Kilatini maana yake ni “mahali pengine”, na mahakamani ingali hivyo: mshtakiwa anadai kwamba kosa lilipotendeka yeye alikuwa kwingine. Katika barua za kazi haihitajiki.

Mzee wa Usa River

Upande wa Kiingereza umeelezwa vizuri, nami naongeza upande wa pili, kwa kuwa nilisoma Bucharest miaka ya 1980. Kiromania kina neno “scuză”, wingi wake “scuze”, nalo limebeba radhi na udhuru kwa pamoja. Anayeomba radhi husema “îmi cer scuze”, na kitenzi hicho “a cere” ni kuomba. Anayetafuta visingizio naye husemwa kwamba anatafuta “scuze” zilezile. Basi kiongozi wako alipoandika “excuses” alikuwa anaomba radhi kwa neno analolijua tangu utotoni. Hata kwenye simu utamtambua, kwa sababu Mwingereza hulimalizia jina “excuse” kwa sauti ya s na kitenzi chake kwa sauti ya z, lakini Mromania, akifuata “scuză”, huweka z kotekote.

Yule mwanakundi hajaitwa mwongo. Kitenzi cha Kiromania “a pretinde” maana yake ni kudai, ilhali “to pretend” ya Kiingereza ni kujifanya. Maneno haya yanafanana sura na kuachana tabia. Nakiri kwamba hata kwa Kiromania dai la namna hiyo linaweza kuwa na chembe ya shaka, ila ni mbali sana na tusi mlilolisoma. Kuhusu “motivate”, shuleni kwao kuna utaratibu wa “a motiva absențele”, yaani mwanafunzi aliyekosa masomo huleta cheti cha daktari au barua ya mzazi ili utoro wake uhalalishwe. Kwa Kiingereza “to motivate” ni kutia hamasa, kwa hiyo alipaswa kuandika “to justify” au “to explain”.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni lile neno mlilolipita haraka. “Eventual” ya Kiromania maana yake ni “huenda” au “ikiwezekana”, wakati “eventually” ya Kiingereza ni “hatimaye”. Inawezekana kabisa kwamba aliwaambia kuwa huenda watalipa Ijumaa. Msiweke nafasi za wapagazi kabla ya kumuuliza tena.

Karani wa utumishi, Njiro

Sikubaliani kikamilifu na Mwalimu, kwa sababu katika lugha ya sheria “excuse” haina harufu ya uongo. Sheria za Kiingereza hutumia “reasonable excuse” na “lawful excuse” kwa udhuru unaokubalika, na mtu mwenye udhuru huo haadhibiwi. Kwa hiyo anayesoma mkataba asilichukue neno hilo kama anavyolisikia vijiweni.

Kuhusu ile karatasi, sisi tumezoea kuiita ED, yaani “excuse duty”, cheti cha daktari cha kumruhusu mgonjwa asiende kazini, na chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 mwajiriwa ana siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara, mradi awe na cheti cha daktari. Mgeni hataielewa ED. Mwandikieni “doctor’s note” au “medical certificate”. Uingereza wengi husema “sick note”, ijapokuwa fomu rasmi ilibadilishwa jina mwaka 2010 ikawa “fit note”. Hata hivyo, kwa kikao cha maandalizi tu mnadai cheti cha nini?

Dada wa Soweto, Moshi

Shikamoo mzee, na asanteni nyote. Cheti hatukukidai, alijitolea mwenyewe. Nimekwisha kumuuliza kuhusu malipo: “Could you please confirm whether you will pay on Friday?” Sasa nataka kumpa mgonjwa pole. Niandike “Sorry for his illness”? Na yale maelezo ya maneno niyaambatanishe hapohapo?

Mwalimu wa Sakina, Arusha

Hapana, ukiandika hivyo utaonekana kana kwamba ninyi ndio mliomwambukiza. Andika “We were sorry to hear that he was ill”. Maelezo ya maneno yasubiri ajibu kuhusu Ijumaa, kwani mtu anayedaiwa akisahihishiwa Kiingereza katika barua ileile anaweza kudhani mnamkejeli. Nao Karani ana haki kuhusu sheria. Mimi nilizungumzia maongezi na barua za kawaida.