Vijiwe kwenye kichwa cha sangala ni nini?

MamaKibirizi: Wadau, nauza samaki hapa mwaloni Kibirizi. Jana nimepasua kichwa cha sangala cha supu, nyuma ya ubongo nikatoa vijiwe viwili vyeupe, vigumu kama kaure. Mwanangu kaving'ang'ania. Ni mfupa au mawe ya ziwani?

Fundi_wa_Maabara: Shikamoo mama. Si mfupa, wala hakuvimeza. Hivyo ni vijiwe vya sikio, otoliti. Vinamsaidia kusikia na kujua yuko wima au kaegemea. Ni kalsiamu kaboneti, kemikali ileile ya mawe ya chokaa, ila ndani mna protini kidogo sana, na hiyo ndiyo fundi mkuu. Mfano otolini, inayofanana na kolajeni, ile protini ya ngozi na mifupa: inatandaza wavu, fuwele zinajipanga juu yake tabaka kwa tabaka.

MamaKibirizi: Marahaba. Na protini ikikosekana?

Fundi_wa_Maabara: Hapo ndipo patamu. Mwaka 2003 watafiti walipunguza protini moja kwa vifaranga vya samaki pundamilia, wale wadogo wa maabara. Kijiwe badala ya kuwa mviringo kikaota ncha kama nyota! Hata fuwele ikageuka, kutoka aragonaiti kuwa kalsaiti. Kalsiamu kaboneti ni ileile, mpangilio tu umebadilika. Protini yenyewe ikaitwa *starmaker*, yaani mtengeneza nyota.

Mzee_wa_Ujiji: Kumbe! Sisi tulikuwa tunavitupa na magamba.

MamaKibirizi: Mwanangu kaomba vya migebuka pia. Kesho sipasui kichwa bila yeye.