Mchezo unaanza vizuri, kisha fremu zinaporomoka baada ya dakika kumi: niongeze ramu?

Kijana wa Uluguru:

Wakuu, naomba ushauri wenu kabla sijatumia fedha ambazo nimezikusanya kwa muda mrefu. Nina kompyuta mpakato niliyoinunua ikiwa imeshatumika, yenye prosesa ya Core i5-9300H, kadi ya michoro ya GTX 1650 yenye kumbukumbu ya GB 4, ramu (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya GB 8 katika kipande kimoja, na diski ya SSD ya GB 512. Mchezo ninaoucheza zaidi ni Grand Theft Auto V, uliotoka kwa kompyuta mwaka 2015, na mashine hii iliumudu bila taabu kwa zaidi ya mwaka mzima.

Tangu miezi miwili iliyopita mchezo unaanza kwa fremu (yaani picha zinazopita kwenye skrini) 70 hivi kwa sekunde, lakini baada ya dakika kumi au kumi na mbili fremu zinaporomoka ghafla hadi 15, sauti inakatikakatika, hali inadumu dakika moja au mbili, inatengemaa, kisha inajirudia. Nimeshusha mipangilio yote ya picha, nimeweka upya viendeshi vya kadi (programu zinazoiendesha), na hata Windows nimeisakinisha upya. Fundi wa mtaani kwetu ameniambia kwamba tatizo ni ramu na kwamba niifikishe GB 16. Je, nimsikilize?

Mzee wa Saketi:

Fundi wako ana hoja, mkuu. Ramu ya kipande kimoja hupitisha data kwa njia moja tu, na ukiweka vipande viwili vinavyolingana njia zinakuwa mbili, jambo ambalo prosesa hulifurahia. Isitoshe, Windows na kivinjari peke yake vinaweza kumeza nusu ya hizo GB 8 kabla hujafungua mchezo. Mimi ningeanzia hapo, kisha ningesafisha feni na kubadilisha pesti ya joto (ile inayosaidia kuondoa joto kwenye prosesa), kwa sababu mashine iliyotumika mara nyingi huja na vumbi lililogandamana.

Bi Voltimita:

Kwa heshima zote kwa Mzee wa Saketi, naomba fedha hizo zisitoke mfukoni bado. Mchezo huo ulipendekezewa kadi ya GTX 660 na ramu ya GB 8, kwa hiyo kadi yako inauzidi kwa mbali na ramu yako inatosha. Faida ya njia mbili za ramu huonekana zaidi kwenye mashine ambazo michoro yake hutegemea ramu ya kawaida, ilhali kadi yako ina kumbukumbu yake yenyewe. Na lililo kubwa zaidi ni kwamba upungufu wa ramu haungoji dakika kumi, ukaondoka, ukarudi tena kwa zamu. Mashine hii iliumudu mchezo huohuo kwa ramu hiyohiyo, kwa hiyo tafuta kilichobadilika miezi miwili iliyopita.

Naomba utupatie vipimo. Weka programu ya bure ya HWiNFO, inayoonyesha vipimo vya ndani vya kompyuta, iache ikirekodi wakati unacheza, kisha utuandikie mambo matatu katika dakika ile fremu zinapoanguka: joto la prosesa, kasi yake kwa gigahezi, na asilimia ya betri. Usisahau kuandika ya betri hata kama chaja imechomekwa.

Kijana wa Uluguru:

Ahsante sana, dada. Nimefanya hivyo mara tatu na matokeo yanakaribiana. Kabla ya kuanguka, prosesa ilikuwa na joto la nyuzi 86 na kasi ya gigahezi 3.8. Fremu zilipoporomoka, kasi ilishuka hadi gigahezi 0.8 na joto likapungua hadi nyuzi 64. Ramu iliyotumika haikuvuka GB 6.5 wakati wowote. Lililonishangaza ni betri: ilikuwa asilimia 96 nilipoanza, na dakika kumi na mbili baadaye ilikuwa 81, na chaja ilikuwa imechomekwa muda wote.

Bi Voltimita:

Basi jibu liko hapo. Prosesa yako inaruhusiwa kufika nyuzi 100 kabla ya kujizuia, yaani kupunguza kasi yake ili ipoe, na hata ingekuwa inajizuia kwa sababu ya joto, ungeiona ikikaa karibu na kikomo hicho huku kasi ikipungua kwa kiasi. Kasi ya gigahezi 0.8 ndiyo ya chini kabisa kwa prosesa hiyo, na kushuka hadi huko kwa ghafla, tena joto likiwa halijavuka 86, ni dalili ya mashine iliyokosa umeme wa kutosha.

Piga hesabu. Prosesa imepangiwa wati 45, kadi ya GTX 1650 ya kompyuta mpakato hutumia wati 50 hivi, na ukiongeza skrini, feni na vinginevyo unapita wati 100. Chaja isipofikisha kiasi hicho, betri hujazia pengo, na ndiyo maana inapungua ikiwa imechomekwa. Betri ikilemewa, ulinzi uliomo ndani ya mashine huikaba prosesa mpaka matumizi yashuke, kisha huiachia, na mzunguko unaanza tena. Tafadhali soma kibandiko cha chaja yako na utuandikie volti na ampea zake.

Kijana wa Uluguru:

Kibandiko kinasema volti 19.5 na ampea 3.33. Sasa nakumbuka vizuri: mwezi ule umeme ulikatika na kurudi kwa nguvu, chaja ya awali ikaungua, nikanunua hii dukani kwa sababu pini yake iliingia. Pia kuna ujumbe mfupi unaotokea kila ninapowasha mashine, ambao nimekuwa nikiufunga bila kuusoma. Leo nimeusoma, nao unasema kwamba chaja haina nguvu inayotakiwa.

Jioni hii jirani yangu mwenye mashine ya toleo hilohilo ameniazima chaja yake ya volti 19.5 na ampea 6.9. Nimecheza saa moja na nusu mfululizo, fremu hazikushuka chini ya 60, na betri ilibaki asilimia 100. Sikugusa kitu kingine chochote.

Mzee wa Saketi:

Nakubali kwamba nilikimbilia ramu mapema, na nashukuru kwa vipimo hivyo. Volti 19.5 mara ampea 3.33 ni wati 65, ilhali ile ya jirani ni karibu wati 135, na hiyo ndiyo saizi ya kutafuta. Volti lazima zilingane na za mashine yako, lakini ampea zikizidi hakuna madhara, kwa kuwa mashine huvuta kiasi inachohitaji tu. Kibandiko peke yake kisikutoshe, kwa sababu ziko chaja zinazoandikwa wati zisizokuwa nazo. Ya wati 135 ya kweli ni kubwa na nzito kuliko hiyo yako kwa namna utakayoihisi mkononi. Mwombe muuzaji akuruhusu kuijaribu kwa nusu saa ukiwa na mchezo umefunguliwa, na asilimia ya betri ikianza kushuka, mrudishie.