Re: Uvimbe unaohamahama chini ya ngozi

Ndugu zangu, salamu.

Nimelisoma kwa makini swali la dada yetu ambaye kifundo chake cha mkono huvimba na kumwasha kwa siku mbili tatu, kikanywea chenyewe, kisha uvimbe ukazuka penginepo, naye kila akienda kwa daktari hurudi na dawa ya mzio. Kazi yangu ni ya maabara, kwa hiyo najibu kwa upande ninaoujua. Atakayeamua tiba ni daktari anayemwona.

Dada, usisubiri kuulizwa. Mtajie daktari nchi na maeneo yote uliyoishi pamoja na mwaka uliotoka, hata kama ni zamani, maana madaktari wengi wa huku ughaibuni hawajapata kumwona mgonjwa wa namna hii. Kwa mtu aliyekaa kwenye misitu ya Kameruni, Gaboni au Kongo, uvimbe huo hunifanya niwaze kwanza loa, mnyoo anayeambukizwa na inzi wanaouma mchana, ambaye anaweza kuishi mwilini zaidi ya miaka 10 na wakati mwingine huonekana akipita kwenye weupe wa jicho. Ukimwona hapo, piga picha papo hapo, kwa sababu huenda akazama kabla hujafika hospitali.

Kinachoharibu vipimo vingi ni saa ya kutoa damu. Mabuu ya loa hujaa kwenye damu mchana na kupungua sana usiku, kwa hiyo omba miadi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, ambazo kwenye karatasi za huku huandikwa 10:00 na 14:00. Hata hivyo, yasipoonekana kwa hadubini bado shaka haijaondoka, kwani wapo wagonjwa wasio na mabuu yoyote kwenye damu. Hapo daktari huangalia eosinofili, chembe nyeupe ambazo aghalabu hupanda sana, na kipimo cha kingamwili.

Sasa la dawa, ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike. Tafadhali usimeze aivamektini, dawa ya minyoo, uliyoletewa na jamaa kabla mabuu hayajahesabiwa. Yakizidi 30,000 kwa mililita moja ya damu, dawa hiyo inaweza kuyaua kwa mkupuo na kuudhuru ubongo, mgonjwa akapoteza fahamu. Daiethilikabamazini, ambayo huua mnyoo mkubwa, nayo hutaka mabuu yahesabiwe kwanza, na hutaka pia uhakika kwamba huna usubi, ugonjwa wa minyoo unaoweza kupofusha, kwa sababu inaweza kuyaumiza macho ya mwenye usubi.

Kwa wengine waliouliza: mstari mwekundu mwembamba unaojipinda mguuni baada ya kutembea pekupeku kwenye mchanga kwa kawaida ni lava, yaani mnyoo mchanga, wa safura ya mbwa au paka. Daktari huutambua kwa macho, na dozi moja ya aivamektini mara nyingi hutosha. Usikubali ngozi ikatwe ili kumtoa, kwani lava huwa ameshatangulia mbele ya mstari. Kinundu kimoja kisichohama, kwa aliyeumwa na mbu kusini mwa Ulaya, huenda ni dirofilaria, mnyoo wa mbwa. Hicho hukatwa tu, mradi kilichotolewa kipelekwe maabara.

Na muwasho ukikuzidi, dada, mwombe daktari akupime strongiloidi kabla hajakuandikia prednisoloni, dawa ya steroidi, kwani mnyoo huyo hukaa kimya miaka mingi, na dawa za jamii hiyo zinaposhusha kinga ya mwili huzaliana bila kizuizi.